Nabii Mke wa Shamba la Pareto

Mimi niliolewa nyumbani kwa nabii mke mmoja na nikamzaa mwingine, na wote wawili walikuwa mtu mmoja. Najua mtu akianza hivyo unamwangalia mara mbili. Lakini mwaka huu kanisani kwetu wanaume wamegombana Jumapili tatu mfululizo kuhusu neno hilo, kama lina maana ama halina, kama mwanamke anaweza kuwa nabii ama ni Kiswahili tu kimezidi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Wananiona kwenye benchi la nyuma na bakora yangu, wanafikiri nasinzia. Sisinzii. Nawasikiliza tu, na kusikiliza watu wa aina ile kunachosha mpaka macho yanajifunga yenyewe.

Neno lenyewe nililiona kwanza kwenye kitabu cha wafanyakazi cha shamba moja upande wa Bahati, kwa wino wa bluu, kwenye safu ya kazi. Juu yake pameandikwa "kukamua". Chini yake pameandikwa "kuchuma pareto". Katikati, kwa mwandiko mzuri kuliko mingine yote: "nabii mke". Kabla ya hapo nilikuwa nalisikia kwenye ibada, linapita haraka pamoja na majina ya miji na wafalme, na sikujua kwamba siku moja litakuwa likipewa posho kila Jumamosi.

Ilikuwa wakati serikali ya wakoloni ilipotangaza hali ya hatari. Nilikuwa msichana bado, ila nimeolewa, na mume wangu aliyekuwa akiendesha trekta ya shamba alikuwa amechukuliwa siku ya msako na kupelekwa kambini, kambi gani hatukuambiwa. Aliniachia vitu viwili, mimba na mama yake. Mimba ikawa msichana, kwa hiyo hata hiyo ikawa mama yake.

Wacha nieleze, maana vijana wa siku hizi wanawapa watoto majina ya sabuni. Kwetu sisi, msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Hapewi jina tu, ni yule bibi mwenyewe amekuja tena. Mama mkwe wangu, siku nilipojifungua, alikishika kile kitoto, akakigeuza, akakikagua masikio, akasema, "Ni mimi." Kisha akanishika mkono na kuniita Mama, kwa kuwa nimemzaa. Tangu siku hiyo mimi nilimwita Mama kwa heshima na yeye akaniita Mama kwa furaha, na mtu akipita nje akisikia "Mama, leta chumvi" na "Mama, chumvi umeikalia" alikuwa haelewi nani amezaa nani. Mtoto naye majirani walimwita Mama wa baba yake, Bibi, Mzee. Mimi nilikataa kumwita Mama. Nilimwita Wewe. Mama mmoja katika nyumba ya udongo ya chumba kimoja alikuwa akinitosha.

Sikumpenda sana siku hizo, nasema ukweli. Alikuwa akionja chakula changu na kunyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko tusi. Lakini asubuhi kengele ikilia nilikuwa lazima niende kuchuma, na nani angenishikia mtoto? Yeye hakuweza tena kuchuma. Alikuwa amechuma maua ya pareto mpaka magoti yakagoma. Alikuwa anakaa mlangoni na mtoto mapajani, amenyoosha miguu mbele kama mtu anayengoja arudishiwe kitu.

Basi ikatoka amri. Kila anayelala kwenye laini za shamba, zile nyumba za wafanyakazi, awe na kazi iliyoandikwa kitabuni. Asiye na kazi atapandishwa lori apelekwe rizavu, ile nchi serikali iliyowatengea watu weusi. Kwa wengine rizavu ilikuwa kwao. Mama mkwe alizaliwa kwenye shamba la mzungu huko Ndabibi, akaolewa na mchungaji aliyehamishwa pamoja na ng'ombe za watu kutoka bonde mpaka mlima, na huko rizavu hakuwa na hata jiwe la kukalia. Kumpeleka huko ilikuwa ni kumtupa. Alilijua hilo, nami nililijua, na hatukulisema.

Siku ya kuandikwa tulipanga foleni mbele ya ofisi. Karani wa shamba alikuwa mtu mwembamba wa tai, ndiye aliyetuongoza ibada Jumapili kwenye stoo ya pareto, na alipenda maneno mazuri kama wengine wanavyopenda nyama. Ilipofika zamu ya mama mkwe akauliza, "Kazi?"

Mama mkwe akaangalia mlima.

"Analea mtoto," nikasema mimi.

"Kulea si kazi," karani akasema.

Nilimtazama mpaka akashika tai yake kuona kama iko sawa. Ningemwambia kitu, lakini nyapara alikuwa nyuma yake, na nyapara wetu alikuwa mtu mwoga mwenye heshima, mtu anayeumwa tumbo watu wakigombana. Ndiye aliyeinama akamnong'oneza karani ile habari ya mvua ya mawe. Wiki mbili kabla, jua likiwa kali, mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akisugua magoti yake kwa mafuta, akaita wanawake waingize ndani trei za pareto iliyoanikwa. Walimcheka. Nyapara peke yake aliogopa, akaamuru ziingizwe. Saa moja baadaye mawe yalianguka, na shamba la jirani likabaki na uji wa maua.

Karani alishika kalamu hewani kwa muda mrefu. Nafikiri alikuwa amengoja miaka mingi apate nafasi ya kuandika neno kama lile. Akaandika, akalipuliza likauke, akalisoma kwa sauti ya Jumapili: "Nabii mke."

Mtu mmoja kwenye foleni akauliza, mke wa nani? Karani akamjibu kwa ukali kwamba asiyejua Maandiko afunge mdomo. Foleni ikasonga. Mama mkwe alikuwa amepata kazi.

Sasa bwana mwenye shamba alikuwa mtu aliyerudi vitani na sikio moja tu linalosikia, na tabia ya kuandika kila kitu. Aliandika maziwa, aliandika mayai, aliandika mbwa wake amekula nini. Kwenye majani mbele ya nyumba alikuwa na chupa ya kupimia mvua, na hakuna aliyeruhusiwa kupita karibu nayo. Jioni ile alisoma kitabu mstari kwa mstari, akafika pale, akamwita nyapara.

"Hii nabii mke iko kazi gani?"

Nyapara aliogopa. Angesema ni mambo ya dini, bwana angekasirika. Angesema hajui, bwana angekasirika zaidi. "Iko kazi ya hewa, bwana," akasema. "Naambia mvua nakuja, ama mvua hapana kuja."

Tuliambiwa bwana alisimama akampa nyapara mkono. Alisema mashamba yote yanahitaji mtu kama huyo, na alishangaa kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba watu weusi wana cheo hicho na jina lake.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe akapewa koti la jeshi lililofika chini, na buti mbili za mvua, zote za mguu wa kushoto. Karibu na stoo ikasimamishwa nguzo. Kipande cha reli kikigongwa, nabii mke awe yuko nguzoni. Akiona mvua, apandishe kitambaa chekundu, pazia kuukuu la memsahib, mke wa bwana. Akiona jua, apandishe cheupe, mfuko wa unga. Bwana angetoka na daftari, aangalie kitambaa, aandike, kisha jioni aangalie chupa yake na kuandika tena.

"Hii si kazi ya nabii," mama mkwe aliniambia akiwa amevaa lile koti. "Hii ni kazi ya magoti."

"Basi peleka magoti," nikasema. "Mama, tunataka kukaa hapa ama hatutaki?"

Akaenda. Mimi ndiye niliyepata taabu. Yeye magoti yake yalimwambia yalichomwambia, akapandisha kitambaa, akakaa chini na mtoto. Mimi niliamka kabla ya kila mtu nikaangalia siafu wanahama ama wamekaa, mawingu ya Nyandarua yameshuka mpaka wapi, moshi wa laini unapanda ama unalala. Niliangalia ng'ombe wanavyolala. Nikimwona amechukua cheupe na mimi nina shaka, nilikohoa. Akinisikia nakohoa alibadilisha, ama hakubadilisha, kutegemea kama jana yake nilimjibu vibaya.

Siku moja alipandisha cheupe na mvua ikanyesha mpaka bata wakakimbia. Bwana alimwita ofisini. Karani akaandika barua ya onyo, nayo ikasomwa mbele yetu sote: nabii mke ameonywa mara ya kwanza, akikosea vibaya mara tatu ataondolewa katika unabii na kupelekwa kuchuma. Mama mkwe akaweka kidole gumba kwenye wino. Alirudi nyumbani akanyamaza, na mara ile sikukasirika na kunyamaza kwake, kwa sababu kuchuma hakuweza, na asiyechuma ni lori.

Ikatokea shida ya Jumapili, maana Jumapili hakuna kazi. Bwana akakata shauri kwamba Jumamosi nabii atoe za siku mbili. Bwana wa shamba la jirani, yule wa uji wa maua, alituma mtu na farasi kuomba aazimwe nabii kwa wiki moja kama watu wanavyoazimana fahali. Bwana wetu alikataa. Memsahib naye alikuja mwenyewe mpaka nguzoni kuuliza habari ya Alhamisi, kwa sababu ya tenisi.

Na kuna asubuhi ambayo goti la kulia lilisema mvua na la kushoto likasema jua. Mama mkwe alipandisha vitambaa vyote viwili. Nilikohoa mpaka koo likauma. Bwana alitoka, akasimama, akaangalia juu kwa muda mrefu, akaandika. Nusu ya shamba walianika, nusu wakaanua, na jioni kulikuwa na mvua upande wa bwawa na vumbi upande wa barabara. Tangu siku hiyo bwana alimwinulia kofia.

Ni wakati huo nilipomwuliza. Tulikuwa tunapukuchua maharagwe, mtoto amelala. Nikamwambia, Mama, wewe ni nabii kweli ama ni karani tu ametuokoa?

"Wewe unafikiri nabii ni mtu wa kesho," akasema. "Kesho haina haja na nabii. Kila mtu ataiona akiamka. Nabii ni mtu wa leo. Anaona kitu ambacho kila mtu anakiona, halafu anakisema. Ndiyo sababu wanawaua."

"Na wewe mbona hawajakuua?"

"Mimi nanyamaza," akasema. "Si tunataka kukaa hapa?" Akanitupia maharagwe mabovu niyatoe.

Mpaka leo sijasikia mwanamume pale kanisani akilieleza neno hilo vizuri zaidi.

Mtoto alikuwa na miezi saba lori lilipokuja. Lilikuja asubuhi, tukiwa tunapima pareto, na homgadi wanne nyuma, askari weusi wa serikali, na afisa mzungu mbele. Alikuwa kijana mwenye Kiswahili cha vitabu, safi kuliko cha karani, na macho mekundu ya mtu asiyelala. Akaomba kitabu cha wafanyakazi. Bwana akampa, tena kwa majivuno, kwa sababu hakuna shamba lililokuwa na kitabu safi kama chetu. Afisa akateremsha kidole mstari kwa mstari mpaka kikasimama.

Bwana hakujua maana ya neno lile. Afisa aliijua. Siku zile serikali ilikuwa ikiogopa manabii kuliko bunduki. Walikuwa wakitoka misituni na vilemba vyao, wakisema nchi itabadilika mikono, na wakikamatwa wanaendelea kusema wakiwa ndani. Na hapa mtu ameajiri mmoja, na posho anampa, na koti la jeshi.

Wakaongea kizungu. Tuliona bwana anabadilika rangi. Akaingia ndani akatoka na daftari lake, akamfungulia afisa kurasa: mvua, jua, jua, mvua, vyote viwili, jua. Afisa alisoma kurasa nyingi. Nafikiri alitafuta siri ndani yake. Kisha akafunga, akasema kwa Kiswahili ili tusikie sote, "Nabii hawezi kukaa hapa. Atapanda lori leo." Akasoma jina kitabuni. "Yuko wapi?"

Mama mkwe alikuwa njiani kutoka nguzoni, na kwa magoti yale na buti za mguu mmoja, njia ile ilikuwa ndefu. Mimi nilikuwa mbele, mtoto mgongoni. Afisa akamgeukia nyapara.

"Nani hapa ana jina hili?"

Nyapara hakuwa mtu wa ujanja. Namjua, alikuwa wa ukoo wetu, na kudanganya kulimwumiza tumbo vilevile kama ugomvi. Alijibu alivyofundishwa na mama yake. Akanyoosha kidole mgongoni kwangu. "Ndiye huyu, bwana."

"Huyu ni mtoto."

"Ndiyo, bwana. Na ndiye yule anayekuja."

"Wako wawili?"

"Ni mmoja, bwana."

Afisa akavuta pumzi. "Kitabuni nina mtu mmoja mwenye jina hili. Wako wangapi?"

"Mmoja," akasema karani, na wanawake wote kwenye mizani wakasema, mmoja. Hawakuwa wakimdanganya. Ungewauliza hata leo, wangekujibu hivyo.

Afisa akanijia mimi. "Wewe mama. Mgongoni kwako ni nani?"

Nilifikiri sana kwa muda mfupi. Kama nikisema ni binti yangu, watamtafuta yule mwingine, na yule mwingine alikuwa ameshafika, ameshika ukuta wa stoo, anahema. Nilimwona jinsi koti lilivyomzidi. Sikuwa nimejua kabla ya hapo kwamba siwezi kuachana naye. Si kwa sababu ya mtoto. Yeye mwenyewe.

"Ni mama mkwe wangu," nikasema.

"Na huyu mzee ni nani?"

Mama mkwe akajibu mwenyewe, akanionyesha kwa kidevu. "Mimi ni mtoto wake."

Afisa akavua kofia, akafuta paji la uso, akaivaa tena. Halafu akasema lile ambalo sikulitegemea. Alisema sheria ni sheria, jina ni jina, na mwenye jina apande. Homgadi mmoja akaja, kijana mkubwa, akanyoosha mikono kuchukua mtoto mgongoni kwangu. Nilikuwa nimejiona mjanja, na nimemweka mwanangu mahali pa bibi yake. Nikarudi nyuma mpaka nikagonga mizani. Homgadi akasimama, akamgeukia afisa akauliza, kwa adabu kabisa, kama amtie pingu ama asimtie. Mtoto akapiga chafya.

Mama mkwe akaacha ukuta. Alitembea mpaka mbele ya afisa, hatua kumi hivi, na tulingoja zote kumi.

"Bwana," akasema, "umekuja na lori na bunduki nne kukamata mtoto anayenyonya. Kila mtu hapa anaona. Hawa askari wako wanaona. Hata wewe unaona. Mimi nasema tu."

Hakupaza sauti. Nikajua kwamba hapo ndipo manabii wanapouawa, na nikafumba macho.

Hakuna kilichotokea. Nilipoyafumbua, homgadi alikuwa amerudisha mikono na kuificha nyuma, na afisa alikuwa anaangalia kitabu kama kimemwumiza. Alikaa kwenye kiti cha karani. Akauliza umri wa nabii. Karani akasema miezi saba. Afisa akaamuru iandikwe pale kwenye mstari: mtoto mchanga, hana madhara.

"Na huyu mzee anafanya kazi gani?" akauliza bila kuinua macho.

Karani akanitazama. Nikamtazama na mimi.

"Ni mlezi wa nabii, bwana."

"Andika," afisa akasema, na akaondoka na lori tupu. Mstari ulikuwa umejaa, kwa hiyo karani alimbana pembeni kwa herufi ndogo, bila jina: "na mlezi wake". Kwa hiyo kumbe kulea ni kazi. Nilimkumbusha mara nyingi.

Bwana hakubadilisha kitu. Kitabu kilisema nabii ni mtoto, na yeye aliamini vitabu. Reli ikigongwa mtoto alipelekwa nguzoni, mgongoni mwa mlezi wake, ndani ya lile koti. Bwana alitoka na daftari. "Nabii nasema nini?" "Amelala, bwana." "Basi uliza yeye akiamka." Akaondoka, akarudi baadaye, akakuta kitambaa kimepanda, akaandika. Sijawahi kujua kama alikuwa akicheza ama la. Uso wake haukusema, na mimi sikuwa nabii.

Mume wangu alirudi baada ya miaka minne, amekonda, meno mawili hayapo. Alikuta mama yake ameandikwa yaya wa binti yake, na binti yake ameandikwa kwenye kazi ya mama yake. Alikaa chini akacheka kwa mara ya kwanza tangu atoke kambini, kisha akampa mtoto mikono miwili akamsalimia, "Mama." Mtoto akamjibu kama mtu mzima. Mimi niliendelea kumwita Wewe.

Mama mkwe alikufa msimu wa baridi, kifua kilimbana siku nne. Magoti hayakumwambia, ama yalimwambia akanyamaza. Siku ya mwisho alionja uji wangu akasema una chumvi ya kutosha, na nikajua kwamba anaondoka. Tulimzika Jumatatu kwenye mteremko nyuma ya laini, ambako hakuna aliyekuja kumwuliza kazi.

Karani alikuja nyumbani na kitabu ili amfute, kama ilivyo kawaida mtu akifa. Akafungua, akatafuta. Jina lilikuwepo, lakini mwenye jina alikuwa pale mlangoni anakula kiazi. Pembeni palikuwa na "na mlezi wake", ambaye hana jina. Alikaa na kalamu hewani, kama ile siku ya kwanza.

"Nifute nini?" akaniuliza. "Kitabuni hajafa."

Nikamfukuza. Wiki ile niliwafukuza wengi. Niligombana na mume wangu kwa sababu ya kuni, nikagombana na nyapara mpaka akashika tumbo, nikagombana na kuku, na sufuria nikazisugua hata zilizo safi. Watu wakasema mke huyu hana huzuni, ana hasira tu, labda anafurahi amebaki na jiko lake. Nikawaacha waseme. Machozi sikumwonyesha mtu.

Jumamosi, siku za matanga zilipokwisha, reli ikagongwa. Nilimpeleka mtoto mimi, kwa kuwa hakuna mwingine. Alikuwa na miaka mitano, na koti lilimfunika na kuburura chini. Bwana alitoka na daftari lake. Alikuwa ameinua kofia kabla hajatufikia.

"Nabii nasema nini leo?"

Mtoto hakuangalia mawingu. Aliniangalia mimi, ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayeonja chakula.

"Leo mama analia," akasema.

"Silii," nikasema. "Ni moshi."

Hapakuwa na moshi nguzoni. Hapakuwahi kuwa na moto pale. Bwana alishika kalamu juu ya daftari na hakuandika.

"Unalia tangu Jumatatu," mtoto akasema, bila kupaza sauti. "Hata ukigomba, unalia. Kila mtu anaona."

Nikakaa chini, pale pale kwenye majani yenye umande, mbele ya mzungu na wanawake wote wa mizani, nikafunika uso na pindo la lile koti, ambalo bado lilikuwa linanuka mafuta ya magoti.

"Ndiyo, Mama," nikamwambia. "Nalia."